Mtu Mmoja Asiyejua Kifaransa: Kujizoeza Kiingereza kwa Majadiliano ya Simu Kabambare

Wengi wetu katika kitivo hiki tunasoma Kiingereza miaka mingi bila kukutana hata na mtu mmoja ambaye tunalazimika kumsemesha kwa lugha hiyo. Mwalimu wetu anajua Kifaransa. Wenzetu wote wanajua Kiswahili. Tukikwama kidogo katika sentensi, tunarukia lugha nyingine na mazungumzo yanaendelea. Hakuna kinachopotea, isipokuwa Kiingereza chenyewe.

Katika makala hii nataka kueleza njia ambayo mimi na wenzangu tunaitumia nyumbani Kabambare, kusini mwa Maniema: majadiliano ya kuandikiana kwa simu. Nitaonyesha kwa nini njia hiyo inafaa hata mahali penye mtandao hafifu, inatufundisha nini ambacho darasa haliwezi, na inashindwa wapi. Hoja yangu ni moja: kikundi cha mazoezi hakisaidii kwa sababu kina watu wengi, wala kwa sababu kiko kwenye simu. Kinasaidia pale ambapo ndani yake yumo angalau mtu mmoja asiye na njia nyingine ya kutuelewa.

Darasa linatupa nini

Sitaki kulidharau darasa. Sarufi, fonetiki na fasihi hatukuzipata kwenye simu. Lakini tufanye hesabu ndogo. Somo la sekondari huchukua dakika 50. Darasa likiwa na wanafunzi 60, hata mwalimu akinyamaza kabisa, kila mmoja atapata chini ya dakika moja ya kusema. Kwa kweli mwalimu hanyamazi, na wanaosema ni walewale watano wa mbele.

Tena mtihani wetu hautudai kusema. Katika mtihani wa Serikali, Kiingereza huulizwa siku ya lugha pamoja na Kifaransa, na mtahiniwa huchagua jibu kati ya majibu aliyopewa. Mtu anaweza kufaulu bila kutunga sentensi yake mwenyewe hata moja. Kisha mtu huyo huingia chuo kikuu, anamaliza, anarudi kijijini kufundisha Kiingereza, na wanafunzi wake nao wanafaulu kwa njia ileile. Hapo ndipo ninapoona hatari. Jambo hili haliishii kwa mwanafunzi mmoja mwenye aibu, kwa sababu kizazi cha walimu kinairithisha kimya chake kwa kizazi kinachofuata.

Merrill Swain, mtafiti wa Kanada, aliliona jambo la namna hii upande wa pili. Mwaka 1985 alieleza habari za watoto wenye kusema Kiingereza waliokuwa wakisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa. Baada ya miaka mingi, watoto wale walikuwa wakielewa Kifaransa karibu sawa na wenyeji, lakini kukisema na kukiandika kulibaki nyuma. Swain alisema kusikia na kusoma tu hakutoshi. Mtu anapolazimika kutoa maneno yake mwenyewe, na kuyasukuma mpaka yaeleweke, ndipo anapogundua asichokijua. Sisi tulio wasomaji wazuri wa Kiingereza na wasemaji wabaya tunaweza kujitambua katika maneno hayo.

Kikundi chetu

Kikundi chetu cha WhatsApp kina watu 11. Watano wako Kabambare: walimu wa sekondari wawili, muuguzi mmoja, na vijana wawili waliomaliza masomo. Wanne ni wanafunzi wa lugha walioko Kasongo na Kindu, nami ni mmoja wao. Wa kumi ni dada yetu mmoja anayeishi Kampala. Wa kumi na moja ni rafiki yake, Mganda, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili.

Huyo wa kumi na moja ndiye aliyebadilisha kila kitu. Kabla hajaingia tulikuwa na kikundi, na kila mtu alikuwa akituma salamu za Kiingereza asubuhi, picha ya maua, na methali iliyonakiliwa mahali. Mtu akitaka kusema jambo la maana, alilisema kwa Kiswahili. Mgeni alipoingia, Kiswahili kikawa ni kumfungia mtu mlango usoni, na adabu yetu haikuruhusu hilo. Hatukuhitaji sheria ya kukataza Kiswahili. Ilitosha kuwa na mgeni barazani.

Watu huniuliza: inawezekanaje kule kwetu, ambako mtandao huja na kuondoka, na simu huchajiwa kwa malipo penye pano la jua? Jibu ni kwamba majadiliano ya kuandika hayahitaji watu wote wawepo kwa wakati mmoja. Swali linatumwa Jumatatu. Aliyeko Kabambare analipata jioni mtandao ukirudi, analifikiria akiwa shambani, anaandika jibu kwenye daftari, analituma kesho yake. Ujumbe wa maandishi unakula mega kidogo sana. Ujumbe wa sauti unakula zaidi, lakini bado ni kidogo mbele ya video. Kwa hiyo tumekataa video kabisa, na picha hutumwa kwa ruhusa tu.

Ucheleweshaji huo, ambao mwanzoni tuliuona kama kasoro, ndio unaompa nafasi mwenye ulimi mzito. Darasani mwepesi hujibu kabla mwingine hajamaliza kuelewa swali. Katika kuandikiana, mwepesi na mzito wote wana siku nzima. Watafiti wamelieleza hili zamani. Mwaka 1995 Richard Kern alilinganisha wanafunzi wa Kifaransa wa Berkeley, Marekani, walipojadiliana kwa mdomo na walipojadiliana kwa kompyuta zilizounganishwa. Kwa kompyuta walichangia zaidi ya mara mbili. Mwaka uliofuata Mark Warschauer aliwafuata wanafunzi 16 wa Kiingereza na kuona kwamba kwa kuandikiana, zamu za kusema ziligawanyika kwa usawa zaidi, na waliokuwa kimya ana kwa ana walijitokeza. Kwetu, wa kwanza kujitokeza walikuwa dada zetu. Muuguzi wetu, ambaye mkutanoni husema maneno matatu, huandika ujumbe mrefu kuliko wote.

Mazungumzo yanavyokwenda

Kila wiki tuna swali moja. Sharti lake ni kwamba anayeuliza awe kweli hajui jibu. Maswali ya aina ya "eleza umuhimu wa elimu" tumeyaacha, maana kila mtu analijua jibu na hakuna anayelisubiri. Nitatoa mfano wa wiki moja.

Mgeni wetu aliuliza mchele wa kwetu unatoka wapi. Ni swali zuri kwa watu wa kusini mwa Maniema, kwa kuwa kilimo cha mpunga kililetwa huku na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika karne ya 19, na mpaka leo ni chakula na ni biashara. Kijana mmoja akajibu kwa furaha. Alieleza kwamba "we put the rice in the sun, then we beat the rice, then we sell the rice." Sarufi ilikuwa safi. Lakini mgeni akauliza: mnaupiga mchele uliopikwa?

Kijana alicheka, kisha akakaa na swali hilo siku nzima. Kiswahili kina maneno matatu: mpunga ulio shambani au wenye maganda, mchele uliokobolewa, na wali uliopikwa, ingawa mezani wengi wetu hapa Kongo husema tu kwamba tunakula mchele. Kifaransa kina neno moja, na Kiingereza vilevile huliachia neno moja kazi yote mpaka mtu aongeze maelezo. Kijana akarudi na "rice still in its husk," akaeleza kutwanga na kupepeta, na akaomba neno la ungo. Dada wa Kampala akampa. Hakuna mwalimu aliyesema "leo tutajifunza msamiati wa kilimo." Neno lilikuja kwa sababu lilihitajika, na nadhani hatalisahau.

Wanaisimu wana jina la tukio kama hili. Michael Long aliliita majadiliano ya maana: mmoja hasemi wazi, mwingine anaomba ufafanuzi, wa kwanza anageuza maneno yake mpaka waelewane. Katika kugeuza huko ndiko kunakotokea kujifunza. Ila angalieni: lisingetokea kati yetu wenyewe. Mtu wa Kabambare asingemuuliza mtu wa Kabambare swali lile, kwa kuwa wote wamekwisha kuona mpunga ukitwangwa. Asiyejua ndiye aliyetufundisha.

Makosa yanayobaki kwenye skrini

Faida nyingine ya kuandika ni kwamba maneno hayapotei hewani. Kila Jumamosi mmoja wetu hurudi juu, hunakili sentensi kumi za wiki kwenye daftari bila kutaja waandishi, na tunazichunguza. Richard Schmidt aliandika mwaka 1990 kwamba mwanafunzi hawezi kuichukua sura ya lugha ambayo hajaitambua. Daftari letu ni la kutambua. Baada ya miezi kadhaa nimeanza kuona makosa yetu yanatoka wapi, na hapa naona kitivo chetu kina kazi ya kufanya.

Kuna makosa ambayo Kifaransa na Kiswahili vinashirikiana kuyatia. Mwenzetu akiandika "I have twenty years," anafuata lugha mbili kwa pamoja: Kifaransa husema mtu ana miaka 20, na Kiswahili husema hivyohivyo. Kosa lenye mizizi miwili haling'oki kwa kusahihishwa mara moja.

Kuna makosa ambayo Kiswahili kinatia peke yake. Kuchanganya "he" na "she" ni moja. Kifaransa kinatenganisha mume na mke, lakini Kiswahili kinasema "yeye" kwa wote, na Kibangubangu cha nyumbani nacho ni lugha ya Kibantu isiyowatenganisha. Mtu akiandika haraka kuhusu mama yake, katikati mama anageuka mwanamume.

Na kuna makosa yanayotoka Kifaransa ambayo Kiswahili kingeweza kuyazuia. Hili ndilo lililonishangaza. Wengi huandika "I have seen him yesterday" kwa sababu Kifaransa husema hivyo. Lakini Kiswahili sanifu kinatofautisha "nimemwona" na "nilimwona jana," na tofauti hiyo iko karibu sana na ile ya Kiingereza. Vilevile, Kifaransa kina neno moja, "apprendre," linaloweza kumaanisha kujifunza na kufundisha. Kiswahili hakichanganyi kazi ya mwalimu na ya mwanafunzi, na Kiingereza nacho hakichanganyi. Tumezoea kupitia Kifaransa tunapokwenda kwenye Kiingereza, kwa sababu shuleni ndiyo njia tuliyoonyeshwa. Mahali pengine njia fupi inapita nyumbani.

Kuhusu kusahihishana tuna kanuni mbili. Kwanza, mtu ajibu maana ya ujumbe kabla hajagusa sarufi yake. Mwenzako akiandika kwamba mtoto wake anaumwa, hutamwambia amesahau kiambishi; utamwuliza hali ya mtoto. Pili, kosa moja tu kwa ujumbe mmoja. Ukimwonyesha mtu makosa saba, kesho hataandika.

Namna ya kumpinga mkubwa

Jambo gumu kuliko sarufi lilikuwa adabu. Mmoja wa walimu wa kikundi aliwafundisha vijana wetu wawili. Kwa Kiswahili wanajua jinsi ya kumpinga: wataanza na "samahani, mwalimu," watazunguka kidogo, watasema "labda mimi sikuelewa vizuri," kisha wataweka hoja yao. Kwa Kiingereza walijua maneno mawili tu, "I disagree." Waliyaona ni makavu mno kumtupia mtu mzima, basi wakanyamaza. Kimya chao kilihusu heshima. Sarufi haikuwa na kosa lolote hapo.

Tulilitoa jambo hilo barazani likawa swali la wiki: kijana wa Kiganda humpinga vipi mwalimu wake kwa Kiingereza? Mgeni na dada yetu wakatupa njia za kulainisha: kushukuru kwanza, kuuliza badala ya kukana, kusema "I wonder if," kusema "I may be wrong, teacher, but." Vijana waligundua kwamba Kiingereza nacho kina njia zake za kuzunguka. Tangu hapo mwalimu huyo anapingwa kila wiki, na anafurahi. Kitabu cha darasani kilikuwa hakijatuambia hili, kwa kuwa kinadhani wanaozungumza ni marafiki wa rika moja.

Barua iliyoandikwa kwetu

Swali lililotuchukua muda mrefu kuliko yote lilihusu maandishi ya Kiingereza yaliyotoka Kabambare yenyewe. David Livingstone, kwa kuumwa vidonda vya miguu na kukosa wachukuzi na bidhaa, alikaa kwa miezi mingi mahali alipopaita Bambarre, mwaka 1870 mpaka Februari 1871, kabla ya kwenda Nyangwe. Karatasi zilimwishia. Huku Manyema alifika hadi ya kuandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino aliotengeneza mwenyewe. Februari 1871 alimwandikia rafiki yake Horace Waller barua ndefu, ambayo wino wake ulikuwa umefifia sana. Wataalamu waliipiga picha kwa mianga maalumu, na tangu mwaka 2010 inasomeka na mtu yeyote mwenye intaneti.

Tulisoma vipande vyake pamoja, mmoja akivinakili kwa wasio na mega za kufungua kurasa. Kisha tukajadili: huyu mgeni aliona nini, na hakuona nini? Katika shajara zake Livingstone alirudia mara nyingi suala la kama watu wa Manyema walikula watu. Mwalimu mmoja alitaka tuliache jambo hilo la aibu. Muuguzi alikataa. Aliandika kwamba kama habari zetu zimeandikwa kwa Kiingereza miaka 150 na zaidi, basi anayetaka kujibu hana budi kujibu kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili tutakuwa tunajibizana wenyewe. Mgeni wetu akauliza wazee wetu wanasema nini juu ya zama zile. Vijana wawili wakaenda kuwauliza wazee kwa Kiswahili na Kibangubangu, wakarudi kutuandikia kwa Kiingereza. Kwangu hilo lilikuwa zoezi bora kuliko tafsiri yoyote niliyopewa, kwa sababu kila lugha ilikuwa na kazi yake na hakuna iliyofukuzwa.

Mipaka na hatari

Majadiliano haya hayafundishi matamshi. Tunatuma ujumbe wa sauti mara moja kwa wiki, lakini sikio letu bado ni dhaifu, na maabara ya lugha ingefaa zaidi. Hayafundishi sarufi kwa mpango pia, kwani hukutana na jambo likitokea tu. Anayedhani simu itachukua nafasi ya kozi za kitivo atajidanganya.

Programu za tafsiri na za akili bandia ni jaribu kubwa. Kanuni yetu ni kwamba mashine inaruhusiwa kukusaidia kusoma, si kukuandikia. Hatuwezi kumlinda mlinzi, lakini wenyewe tunajua: mtu ambaye jana aliandika kwa kujikongoja, leo akaandika kama waziri, mgeni humwuliza swali dogo la nyongeza, na hapo ukweli hujitokeza bila mtu kuaibishwa.

Hatari ya mwisho ni ya mahali petu. Eneo la Kabambare limeonja vita na makundi yenye silaha. Kwa hiyo hatuandiki habari za mahali walipo wenye silaha, wala njia na siku za wasafiri, wala majina ya watu. Pia hatumwombi mgeni fedha. Kikundi kikigeuka mahali pa kuomba, mgeni ataondoka, na Kiingereza kitaondoka naye.

Kwa anayetaka kuanza

Tangu Kongo ilipotia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, wenzetu wa Uganda, Kenya na Tanzania wamekuwa jirani zetu kwa namna mpya. Wengi wetu pia tuna ndugu Kampala, katika kambi ya Nyarugusu, au ng'ambo. Kumpata mtu mmoja si jambo gumu. Kwa ufupi, nashauri hivi:

1. Mtafute mtu mmoja asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, na mpeni naye faida. Mgeni wetu ameomba kufundishwa Kiswahili, na kila Jumapili anapata somo lake.
2. Msizidi watu 12. Wakizidi, kila mmoja atadhani mwingine atajibu.
3. Swali moja kwa wiki, linaloulizwa na asiyejua jibu.
4. Jibuni maana kwanza, kisha kosa moja tu.
5. Nakilini sentensi kumi kila wiki kwenye daftari. Simu hupotea na huharibika.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi moja. Madaftari haya yakikusanywa kutoka kwa wanafunzi wa miji mbalimbali, yatakuwa hazina ya makosa halisi ya Wakongo wenye Kiswahili wanaojifunza Kiingereza, nayo yanaweza kuzaa kazi nyingi za mwisho wa masomo. Na kwa wenzangu tutakaokuwa walimu: mwanafunzi wetu wa kesho huko Kabambare, Salamabila au Kasongo atatuuliza neno hili linatumikaje. Inafaa tuwe tumekwisha kulitumia kwa mtu aliyekuwa akilingoja.